Kwa nini anga la Kharumwa 'linaungua' kwenye simu, na HDR inavyoweza kuliokoa au kuliharibu

Jua linapokaribia kuzama Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, mtu akisimama pembeni ya majaruba ya mpunga anaona vitu vyote kwa pamoja: wingu jekundu, maji yanayong'aa, ng'ombe wanaorudi nyumbani na udongo mweusi wa mbuga chini ya miguu yake. Anatoa simu, anapiga. Anachopata ni kimoja kati ya viwili: anga jeupe kama karatasi, au ng'ombe weusi kama mkaa.

Wengi hapo huilaumu simu. Wengine hujilaumu wenyewe, kwamba hawajui kupiga. Lakini tatizo hili linamkuta hata mwenye kamera ya mamilioni, na dawa yake ina jina ambalo liko kwenye karibu kila simu janja inayouzwa leo: HDR.

Herufi hizo tatu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya upana mkubwa wa mwanga. Watu huiwasha bila kujua inafanya nini, wakidhani ni kitufe cha kufanya picha 'ing'ae'. Kumbe kazi yake ni nyingine kabisa.

Jicho linaona, kamera inakadiria

Wapiga picha hupima tofauti ya mwanga kwa 'stopu'. Kupanda stopu moja maana yake ni mwanga kuongezeka mara mbili. Hesabu hiyo inakimbia haraka: stopu 10 ni tofauti ya mara 1,024 kati ya sehemu yenye giza na sehemu yenye mwanga, na stopu 14 ni mara 16,384.

Kamera nzuri za kisasa zinaweza kushika stopu 14 hivi kwa picha moja. Simu, ambayo sensa yake (kile kibamba kinachopokea mwanga) inaweza kuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, inabaki nyuma sana. Sasa mtu akielekeza simu upande wa magharibi, jua likiwa ndani ya fremu na mbele yake kuna kivuli cha mwembe, tofauti inazidi uwezo huo kirahisi. Kinachozidi juu kinakuwa cheupe tupu, hakina rangi wala umbo. Wenyewe wanasema picha imeungua. Kinachopungua chini kinazama kwenye giza lenye chengachenga.

Jicho haliteseki hivyo kwa sababu halipigi picha moja. Linahama: likitazama wingu mboni inajibana, likirudi kwa ng'ombe inafunguka, na ubongo unaunganisha vipande vyote kuwa mandhari moja. Ndiyo maana mtu huapa kwamba aliiona rangi ile kwa macho yake, na simu inakana.

HDR inaiga tabia hiyo ya jicho. Badala ya picha moja, zinapigwa kadhaa za sehemu ileile kwa viwango tofauti vya mwanga. Moja inapigwa gizagiza ili wingu lipate rangi yake, moja ya kawaida, moja yenye mwanga mwingi ili kilicho kivulini kionekane. Kisha programu inachukua kilicho bora kutoka kila moja na kuviunganisha.

Kuna hatua moja zaidi ambayo haitajwi sana, na ndiyo yenye fitina. Mwanga wote huo uliokusanywa ni mwingi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha. Ni kama lumbesa inayotakiwa kuingia kwenye gunia la kawaida: lazima ibanwe. Programu inashusha anga, inapandisha vivuli, inasogeza rangi. Ikibana kwa adabu, mtu haoni kitu. Ikibana ovyo, picha inafura.

Ujanja wa zamani

Wazo lenyewe halikuanza na simu. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari, na vioo vilivyotumika kama filamu wakati huo vilikuwa vikali mno kwa rangi ya buluu. Bahari ikitoka vizuri, anga linaungua. Akapiga mara mbili, kioo kimoja kwa ajili ya anga na kingine kwa ajili ya maji, halafu akavichapa kwenye karatasi moja na kuviunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Watu walishangaa.

Hesabu za kisasa zilikuja baadaye sana. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walichapisha njia ya kuunganisha picha za kawaida zenye mwanga tofauti na kupata ramani ya mwanga halisi wa eneo. Mwaka 2010 Apple iliingiza HDR kwenye iPhone. Mwaka 2014 Google ikaeleza njia yake, iliyokwenda kinyume kidogo: badala ya kupiga picha za mwanga tofauti, simu inapiga picha nyingi za harakaharaka, zote gizagiza ili anga lisiungue, kisha inazijumlisha ili zile chengachenga za kivulini zifutike.

Tangu hapo mambo yamefanyika kimyakimya. Mwenye simu anabonyeza mara moja tu, yenyewe inapiga picha kadhaa na kumletea moja. Katika simu nyingi HDR iko kwenye 'auto', kwa hiyo hata asiyeijua anaitumia kila siku.

Mwanga wa Kharumwa una tabia zake

Maelekezo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako jioni ya kiangazi inaweza kuchukua saa nzima kugeuka usiku. Nyang'hwale iko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Hapa jua linashuka karibu wima. Likishazama, mwanga wa maana unadumu dakika 20 hivi, basi, giza. Anayeanza kutafuta mipangilio ya kamera wakati huo ameshachelewa.

Saa ya ukutani nayo inadanganya kidogo. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, wakati Kharumwa iko kati ya nyuzi 32 na 33. Tofauti hiyo inafanya jua la huku liwe juu kabisa karibu na saa 7 mchana, si saa 6. Kwa hiyo mtu anayekimbia 'jua kali la saa 6' na kurudi kazini saa 7 na robo amerudi palepale. Katikati ya Machi, na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua hilo linapita utosini kabisa: kofia inatupa kivuli usoni kote, na nyumba karibu hazina kivuli cha pembeni.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Udongo wa mbuga ni mweusi na unameza mwanga. Ule wa kichanga wa miinuko, ambao Wasukuma wanauita luseni, unaurudisha. Bati jipya linawaka kama kioo. Kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo tofauti inakuwa kubwa zaidi: marudio yamerundikwa yakiwa meupe na makavu juani, na mita chache pembeni kuna mdomo wa duara, mweusi ti. Picha moja ya mchana yenye marudio, bati na mdomo wa duara ni mtihani mgumu kuliko machweo mengi yanayosambazwa mitandaoni.

(Kwenye maduara, kabla ya mambo ya stopu, kuna ruhusa. Msimamizi wa eneo aombwe kwanza. Si kila mchimbaji anataka sura yake itembee.)

Kupiga yenyewe

Kwa mwenye simu, jambo la kwanza ni kuilinda sehemu yenye mwanga. Agusе skrini pale kwenye wingu, kijialama cha jua kitokee, kisha akivute chini hadi rangi ya wingu irudi. Chini patakuwa na giza, na hapo HDR ndipo inapofanya kazi. Sababu ni rahisi: kilichofichwa gizani kinaweza kuvutwa kidogo baadaye, lakini kilichoungua hakirudi. Hakuna programu inayoweza kurejesha wingu ambalo sensa haikulishika.

Kwa simu za Android zipo programu za bure zinazompa mtu uhuru zaidi. Open Camera, kwa mfano, ina HDR yake na pia inaweza kupiga mfululizo wa picha zenye mwanga tofauti na kuziacha zote, ili mtu aunganishe mwenyewe.

Kwa mwenye kamera, utaratibu wa kawaida ni picha tatu zinazopishana stopu mbili. Tuseme kamera iko ISO 100, kitundu cha lenzi f/8, na picha ya kawaida inataka sekunde 1/60. Ya gizagiza itakuwa 1/250, ya mwanga mwingi 1/15. Kinachobadilishwa ni kasi ya shata peke yake. Kitundu kikiguswa, umakini wa picha unabadilika kati ya fremu moja na nyingine, na kuunganisha kunakuwa balaa.

Hiyo 1/15 ndiyo inayodai stendi, maana mkono unatikisika. Asiye na stendi anaweza kuegemeza kamera kwenye jiwe, boneti la gari au mfuko wa mchanga. Na atumie saa ya kamera ya sekunde mbili ili kidole kisiisukume.

Tatizo kubwa zaidi ni vitu vinavyotembea. Picha tatu zinapigwa kwa nyakati tatu. Ng'ombe aliyekuwa kushoto kwenye ya kwanza ameshasogea kwenye ya tatu, na zikiunganishwa anatoka na miguu saba. Mpunga kwenye upepo unakuwa ukungu wa kijani. Bodaboda inakuwa mzimu. Programu zina kitufe cha kuondoa mizimu hiyo, na hufanya hivyo kwa kuchagua fremu moja kuwa ndiyo kiongozi pale penye mwendo. Inasaidia, ila si sana.

Anayekwenda Mwanza kupitia Sengerema atalikuta tatizo hilo kwa ukubwa wake pale kwenye daraja la Kigongo–Busisi. Zege jeupe, maji ya Ziwa Victoria yenye mawimbi, malori yanapita, na jua upande mmoja. Pale ni afadhali picha moja ya RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, kuliko picha tatu za kuunganisha. Faili la RAW linahifadhi taarifa nyingi za vivuli na za anga, na kwa kamera yenye stopu 13 au 14 mara nyingi linatosha.

Kuna nyakati HDR haina kazi kabisa. Siku ya mawingu mazito mwanga umeshasambaa wenyewe, hakuna cha kusawazisha. Na kuna picha ambazo uzuri wake ni giza: mchungaji na fimbo yake, mweusi mbele ya anga jekundu. HDR ikimfungulia mtu huyo kivuli hadi vifungo vya shati vionekane, picha imekwisha.

Inapoharibika

Alama za HDR iliyozidi zinajulikana. Ukanda mweupe unaozunguka kilima, kama kimevaa taa. Mawingu ya kawaida ya mchana yaliyogeuka ya kijivu na kutisha. Majani ya kijani cha rangi ya plastiki. Nyuso za watu zenye mikunjo ambayo hawana. Kinachosababisha mara nyingi ni ile hatua ya kubana lumbesa: programu inaongeza utofauti kwa kila kipande kidogo cha picha, na mtu akisukuma kidole hadi mwisho, kila kipande kinapiga kelele.

Snapseed, ambayo wengi wanayo, ina kifaa kiitwacho HDR Scape. Kikifunguliwa kinaanza kwa nguvu kubwa tayari. Anayekitumia afanye kinyume na mazoea: akirudishe nyuma hadi asione mabadiliko, ndipo apandishe kidogokidogo.

Kati ya Julai na Septemba, kabla mvua hazijarudi, hewa ya ukanda huu ina vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Vumbi hilo kwa macho ni zuri, linafanya vilima vya mbali vififie kwa tabaka. HDR kali inalichukulia kama uchafu wa kusafishwa. Inalikwangua, vilima vyote vinakuja mbele kwa ukali uleule, na umbali unapotea.

Karatasi pia ina kikomo chake, tena kidogo kuliko cha skrini, kwa sababu yenyewe haitoi mwanga. Picha iliyokuwa safi kwenye simu yenye mwanga wa juu inaweza kutoka studio ikiwa na giza. Anayechapisha picha kubwa ya ukutani anafungua vivuli kidogo zaidi, na anaomba nakala moja ndogo ya majaribio kabla ya kulipia.

Picha nzuri na picha ya ushahidi

Mwanzoni mwa 2012, gazeti la Washington Post liliweka ukurasa wa mbele picha ya daraja wakati wa machweo iliyotengenezwa kwa HDR. Maelezo chini ya picha yalisema wazi kwamba ni picha kadhaa zilizounganishwa. Hata hivyo ulizuka mjadala mkali miongoni mwa wapiga picha wa habari. Upande mmoja ulisema picha imekaribia kile jicho linachoona kuliko picha moja ingeweza. Mwingine ukasema picha ya habari ni tukio moja la wakati mmoja, na hiyo ilikuwa na nyakati kadhaa. Mwaka 2015 Reuters iliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotokana na faili za RAW, watume zile za JPEG zilizotoka kwenye kamera moja kwa moja.

Hoja hiyo ina uzito wake Geita kuliko inavyoonekana. Katika ukanda wa dhahabu picha si za mapambo tu. Watu wanapiga nyumba na mazao yao kabla ya tathmini ya fidia. Wanapiga nyufa kwenye kuta, shamba lililoingiliwa na vifusi, maji ya kijito yaliyobadilika rangi, mpaka wa kiwanja. Mtu akiupitisha ufa kwenye HDR kali, unaonekana mpana na mweusi kuliko ulivyo. Maji ya tope la kawaida yanageuka chungwa. Nia yake inaweza kuwa njema, alitaka tu ionekane vizuri, lakini amempa upande wa pili sababu ya kuikataa picha nzima.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na katika kuupima uzito mahakama huangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama uadilifu wake umelindwa. Picha iliyopitia programu tatu kabla ya kufika mezani ina maswali mengi ya kujibu.

Kwa kazi ya namna hiyo HDR ya simu inaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya kamera pale inaporuhusu, na picha zikapigwa mbili: moja ikipimwa kwa sehemu yenye mwanga, nyingine kwa sehemu ya kivuli, bila kuunganishwa. Pembeni ya ufa iwekwe rula, au kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama sarafu ya shilingi 200.

Na zisitumwe WhatsApp kama picha za kawaida. Zikipita hivyo zinabanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama saa, aina ya simu na mahali, huondolewa. Zikitumwa kama faili zinafika zilivyo. Zile za asili zibaki kwenye kadi ya kumbukumbu, na nakala nyingine kwenye simu ya mtu wa pili nyumbani.